Dada Mwenye Masharubu

Visiga, jioni ya kufunga sanduku

Mwanangu Chausiku,

Barua njema huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko uani na mama yako, mnabishana kama sanduku lifungwe kwa kamba au kwa mkanda wangu wa zamani, na shangazi yako anakaanga vitumbua vya njiani ambavyo nusu yake imeshaliwa na wakaangaji wenyewe. Alasiri nimeshaswali, wateja nimewaambia warudi keshokutwa, na meza ya cherehani nimeigeuza meza ya kuandikia. Nitakupa barua hii mkononi baada ya chakula. Isome leo kabla hujalala, maana mwisho wake una kazi ya kesho.

Ya sabuni na mafuta ya nazi, ya kutoazima khanga za watu, ya kuswali kwa wakati, hayo mama yako ameshakueleza, na kwa jinsi ninavyomjua atayaeleza tena alfajiri na kituoni na dirishani mwa basi. Mimi siingii huko. Nina jambo moja tu, nalo nimelisikia bila kukusudia, kama fundi wa barazani anavyosikia kila kitu.

Juzi ulikuwa unamenya mihogo na mama yako, ukamwambia kwa sauti ya chini: "Mama, nikifika kule nitanyamaza. Nitasikiliza tu mpaka Kiingereza nikijue chote, ndipo nifungue mdomo. Na wakinicheka tena kama siku ile, narudi nyumbani." Mama yako akasema Mungu atasaidia. Mimi mguu wangu ulisimama juu ya cherehani, sindano ikabaki imezama kwenye kaptula ya mtu.

Siku ile naijua. Ulipokwenda Dar es Salaam kuulizwa maswali ya kuingia kwenye mafunzo ya ukunga, yule bibi wa Kizungu alikwambia kesho yake uje saa tuu. Ukahesabu kama ulivyofundishwa darasani: tuu ni mbili. Saa mbili asubuhi ukawa umeshafika, umeoga, umesuka, kiatu kinang'aa, ukakaa kwenye benchi. Hukujua kwamba Mzungu saa yake huanza kuihesabu mahali pengine, na tuu yake ni saa nane yetu ya mchana. Wenzako walipokuja na vivuli vyao vifupi wakakukuta umeshakaukia pale, wakaangua kicheko, wakakubandika jina. Bi Saa Mbili. Uliniambia mwenyewe uliporudi, ukijifanya kucheka, na mimi baba yako niliona kwamba hukucheka.

Sasa nisikilize. Hukuchelewa. Katika wasichana wote wewe ndiye uliyetangulia, na mwisho wa maswali wewe ndiye uliyechukuliwa, wakati baadhi ya waliocheka wamebaki kwao. Hilo la kwanza. La pili, kama ni kukosea lugha, wewe bado ni mwanafunzi mbele yangu. Ngoja nikueleze mtu aliyekosea kweli.

Ulipokuwa hujazaliwa nilikuwa nashona Kisarawe, barazani kwa duka la Bwana Lalji. Cherehani ilikuwa yake, kigoda kilikuwa changu. Lalji alikuja kijana kutoka Bara Hindi bila ya ndugu wala rafiki, na Kiswahili chake kilikuwa kichekesho cha wilaya nzima. Kila kitu kwake kilikuwa "iko". Mvua iko kuja. Mtoto iko lala. Watu wa Masaki, ile ya mashambani huko Kisarawe, walikuwa wanaiacha njia ya mkato wapite dukani kwake wamsikie tu, na wakishamsikia wananunua chumvi. Mimi nilicheka pamoja nao. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba sisi tuliokijua Kiswahili chote tulikuwa tunaondoka na kifuko cha chumvi, na yeye asiyekijua anabaki na duka linalokua. Tulikuwa tunamcheka huku tunanunua.

Neno lake kubwa lilikuwa "acha". Kwao acha ni sawa, vizuri, nimekubali. Mkulima anamwonyesha gunia la mbata, anataja bei, Lalji anafurahi, anasema, "Acha, acha!" Mkulima anajitwika gunia lake na kuondoka amenuna. Lalji anamkimbilia barabarani, makubadhi yakimvuka, anapiga kelele, "Acha! Mimi nasema acha!" Na kadiri anavyosema ndivyo mkulima anavyozidi kukaza mwendo. Nimeyaona haya kwa macho yangu, na nilikuwa natoka kwenye cherehani kwenda kumrudisha mkulima kabla hajafika kwenye kona.

Kwa kukaa pale kutwa nikaanza kuokota Kigujarati, neno moja moja, kama kuku anavyookota punje uani. Nikajua maji, nikajua chumvi, nikajua njoo na nenda. Kumbe na sisi tulikuwa tumeshayaokota mengi kwao zamani bila kujua, maana gari ni lao, duka ni lao, hata chapati ya mama yako ni yao. Nikavimba kichwa. Nilipokwenda Masaki nikawaambia watu kwamba mimi sasa Kihindi nakisikia chote, na wao wakaniamini, maana kwa asiyejua kitu, anayejua maneno machache ni bingwa. Basi ikawa haiwezekani tena kuuliza. Bingwa haulizi. Kila nilichoambiwa, niwe nimekielewa au kimenipita, nilitikisa kichwa nikasema, "Acha."

Siku moja nyumba ya Lalji ikajaa furaha. Watoto wake walikuwa wanarukaruka kwenye baraza wakiimba kwa lugha yao kwamba dada anakuja, dada anakuja. Nikaelewa, au ndivyo nilivyojiambia: dada yao mkubwa aliyebaki Bara Hindi anakuja na meli. Lalji mwenyewe, kabla ya kupanda lori kwenda Dar es Salaam kumpokea mgeni, aliniwekea mezani bafta nyeupe, laini, ya bei.

"Fundi," akasema, "hii ya dada. Shona zuri sana. Dada iko nene kama mimi, lakini fupi kidogo. Wewe jua?"

"Acha," nikamjibu.

Lori lilipoondoka nikabaki na huruma. Msichana mnene kama Lalji, masikini, na tena mfupi! Nikaapa nitamshonea kitu kitakachomtoa hata mbele ya watu wa mjini. Nikakata blauzi ya mikono iliyojaa mabegani. Kifuani nikaitia marinda safu juu ya safu, na shingoni nikazungusha lesi niliyoinunua kwa fedha yangu mwenyewe. Mke wa Lalji alipita mara moja, akaona marinda, akasimama, akaniuliza jambo kwa lugha yao. Sikuambulia hata neno. Ningeweza kumwambia, mama, sijakusikia, sema tena. Lakini palikuwa na wakulima wa Masaki wamekaa barazani, walewale niliowaambia nakijua chote, nao walikuwa wananitazama. Nikatikisa kichwa, nikasema acha. Naye akaenda zake akiwa amekunja uso.

Lori likarudi. Watoto wakatoka mbio, "Dada! Dada!" Mimi nikasimama na blauzi mkononi, imepigwa pasi, lesi imesimama wima. Akashuka mzee mmoja mfupi, mnene, masharubu meupe yamepindwa kwa juu. Watoto wakamrukia. Nikachungulia nyuma yake nimwone dada. Hakushuka mtu mwingine.

Kwao, Chausiku, dada ni babu mzaa baba.

Lalji alipoikunjua ile nguo mbele ya baba yake, rangi ilimtoka. Akatazama marinda, akanitazama mimi, akarudi kwenye marinda. "Fundi," akasema polepole, "hii baba yangu vaa?" Hata acha ilikuwa imenikauka mdomoni. Nilijua kazi imekwisha, na mama yako wakati ule nilikuwa nimemposa tu, mahari bado nakusanya.

Mzee akanyoosha mkono, akaichukua nguo. Akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye marinda kama mtu anayejua ushonaji. Halafu akaivaa. Palepale barazani, juu ya shati lake la safari, akaivaa, akafunga kifungo cha shingoni na kuzunguka mara moja taratibu, lesi ikimtekenya masharubu. Watu wa Kisarawe wakaja wakidhani kuna ngoma. Mzee akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la mbata, machozi yanamtiririka. Lalji alikuwa ameshafungua mdomo kunifukuza, akaufunga, akaanza kucheka na yeye. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kucheka, na nilipoanza sikuweza kunyamaza.

Kisha mzee akaniuliza, Lalji akitafsiri kwa Kiswahili chake cha iko, nani kanifundisha lugha yao. Nikasema, masikio. Akajibu, "Mwambie masikio yake mazuri. Sasa alete na mdomo."

Tangu siku ile, kila baada ya alasiri, Dada alikuwa akivuta kiti karibu na cherehani yangu. Mimi nasema kwa Kigujarati, yeye anasema kwa Kiswahili, na kila mmoja anamharibia mwenzake lugha ya mama yake. Sharti lake lilikuwa moja: aliyekosea ndiye acheke kwanza. Ukiwahi kujicheka mwenyewe, alisema, wengine hawana la kukufanya ila kucheka na wewe. Ndipo nilipojua kwamba kaka kwao ni baba mdogo, na kwamba mama, usianguke, ni mjomba. Nami nikamfundisha kwamba kwetu ukimwambia mtu "acha" atabeba gunia lake aende zake. Mzee akamwita mwanawe palepale amweleze hilo, na mapato ya duka yakaongezeka toka wiki ile.

Umekua ukimsikia Babu Kondo wa Masaki akiitwa mama, ukadhani ni utani wa wazee tu. Utani huo ulitoka hapa.

Kondo, mjomba wangu huyo, alileta korosho zake barazani siku ambayo wanunuzi wawili walikuwa wamekuja na lori kutoka Dar es Salaam. Mmoja akapasua korosho moja kwa meno, akaitafuna, akamwambia mwenzake kwa Kigujarati, kwa sauti wazi kabisa, kwamba mali kama hii hajaiona mwaka huu, na asionyeshe uso wa furaha. Halafu akamgeukia Mjomba na uso wa msibani. "Hii bovu, mzee. Iko maji ndani."

Mjomba Kondo alikuwa ametembea na mzigo ule tangu alfajiri. Nikaona mabega yake yanashuka. Nikaona anaanza kuinama ili akubali chochote atakachopewa, maana ni nani atakayebeba korosho mbovu kurudi nazo Masaki?

Ningeweza kupiga kelele kwamba wezi hawa. Labda tungepigana, na lori lingeondoka tupu. Nilichofanya ni kuacha cherehani, nikaenda nikawaamkia wale mabwana kwa lugha yao vizuri, kem cho, nikawauliza kama watapenda chai. Kisha nikaweka mkono kwenye bega la Mjomba, nikasema, "A mara mama che." Yaani, huyu ni mjomba wangu.

Wanunuzi wakatazamana. Yule aliyetafuna akakohoa, kipande cha korosho kikampalia, mwenzake akampiga mgongoni, na ghafla wote wawili wakaanza kucheka kama watoto waliokamatwa jikoni. Chai wakanywa. Korosho zikapimwa upya, na safari hii hazikuwa na maji. Bei ikapanda bila mtu kumtukana mtu.

Lakini Mjomba hakusikia Kigujarati. Alichosikia yeye, na barazani pote wakasikia, ni kwamba mimi Selemani nimemshika bega mbele ya watu na kumwita mama.

"We Selemani," akasema, ndevu zinamtetemeka, "umama wangu umeuonea wapi?"

Tulimweleza. Alipoelewa alikwenda kuhadithia Masaki nzima, na toka hapo kila Idi hunitumia jogoo na ujumbe uleule: mwambieni Selemani, mama yake anamsalimu. Watu wa Masaki nao wakaanza kuleta korosho zao barazani kwa Lalji tu, kwa kuwa pana mtu anayesikia pande zote mbili. Wanunuzi wakaja huko huko, kwa kuwa mali ipo. Lalji akaniambia, "Fundi, mimi nafikiri wewe haribu biashara yangu. Kumbe wewe jenga." Nikawa nashona asubuhi, mchana ni dalali. Mahari ya mama yako ilitimia msimu ule, kwa hiyo hata wewe kwa namna fulani umezaliwa na neno mama.

Na nilipotaka kuwa na duka langu, nilikwenda Dar es Salaam kwa muuza vitambaa wa jumla ambaye hakunijua. Nikamwamkia kwa lugha yake, nikamuuliza dada yake hajambo, yaani babu yake, na yule bwana akaweka kalamu chini akanitazama upya. Alinipa mali kauli. Neno hilo ulisikie vizuri, maana wazee waliolitunga hawakuwa wajinga: mali unayopewa kwa kauli yako tu, ukauze kwanza. Majora yote ya vitambaa unayoyaona kwenye rafu za duka hili la Visiga mizizi yake ni ile salamu.

Ungefikiri mtu aliyeyapitia hayo hawezi tena kuogopa kukosea. Nami nilifikiri hivyo. Basi nikueleze na hili, ambalo mama yako analijua peke yake.

Ulikuwa mdogo, unatambaa. Tulikuwa tumeshahamia hapa, na watu wameshaanza kuniita Fundi wa Lugha, jina ambalo nililipenda kupita kiasi. Mzungu mmoja wa mambo ya barabara alisimamisha gari mbele ya duka. Hakuwa na mkalimani. Akaanza kusema Kiingereza, anashika kaptula yake, anaonyesha cherehani, ananyoosha mkono kwenye barabara ya Morogoro walikokuwa wafanyakazi wake. Mtoto angeelewa. Nilikuwa na maneno yangu machache ya Kiingereza, ya kuokota kama kawaida. Yalikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini barazani palijaa wazee, nao walikuwa wananitazama kama wale wa Kisarawe, wanangoja Fundi wa Lugha aonyeshe. Nikaona nikisema vibaya jina langu litavunjika. Nikatabasamu. Nikanyamaza.

Mrisho, fundi wa ng'ambo ya barabara, alikuja mbio na futi yake shingoni. Unamjua Mrisho, hata Kiswahili chake anakikimbiza. Akajipiga kifua: "Mi tela! Mi shoti! Mi gudi!" Wazee walicheka, mimi nikacheka nao. Mzungu naye akacheka, akampa mkono. Kaptula za wafanyakazi wote wa barabara amezishona Mrisho tangu siku ile mpaka leo, ameweka cherehani ya pili na ya tatu, na kila kundi la mafundi wa barabara likipita hapa mbele naziona zinapita, khaki safi, mshono wa Mrisho, unaokwenda upande.

Iliniuma, mwanangu. Bado inauma kidogo ninapoandika. Kule Kisarawe nilipokosea, nilipata kila kitu. Hapa Visiga sikukosea hata neno, nikapoteza.

Ndiyo maana mguu wangu ulisimama juzi. Nilijisikia mwenyewe ndani ya sauti yako. Kunyamaza mpaka ukijue chote! Chote hakipo, Chausiku. Mimi nimezungumza Kiswahili tangu nimeacha Kizaramo cha bibi yako mgongoni mwake, na jana tu mama yako amenisahihisha. Na huko uendako hutauza korosho. Bibi wa Kizungu akikuambia dawa kiasi gani, nawe hukusikia, ukatikisa kichwa ukasema yesi kama nilivyosema acha, haitakuwa blauzi iliyoharibika. Sema hujasikia. Mwambie arudie. Wakicheka, wameshacheka, na mgonjwa amepona.

Na usidhani unakwenda mikono mitupu. Atakuja mama mjamzito kutoka ndani huko Masaki, hajawahi kuona kitanda cha chuma, uchungu umemshika, na kila anachoambiwa na wale wenye Kiingereza safi kinampita juu ya kichwa. Wewe utamwinamia useme naye Kizaramo cha bibi yako. Utaona jinsi mkono wake utakavyokushika. Wauguzi wenzako watakuita kila chumba, Chausiku njoo huku, Chausiku msikie huyu anasemaje, na hapo hata wewe utasahau kwamba uliwahi kuitwa Bi Saa Mbili. Lugha ya bibi yako ni chombo cha kazi kama mkasi wangu. Kiingereza kitakuwa mkasi wa pili, na fundi mwenye mikasi miwili hakosi kazi.

Nina furaha, sitaki kukuficha. Mama yako analia kwenye moshi wa vitumbua akisema ni moshi, na mimi nimepiga mluzi tangu asubuhi. Mtoto wangu anakwenda kuwa mkunga! Nilikaa kwenye kigoda cha barazani nikiokota maneno ya watu, na wewe unakwenda kufundishwa kwa kukaa kwenye kiti. Ukirudi kwa sababu umechoka, au unaumwa, au umetukumbuka, mlango huu ni wako na kitanda chako hakitapewa mtu. Lakini usirudi kwa sababu ya kicheko. Kicheko ndicho kilichotulisha.

Sasa, ukifika chini kabisa ya sanduku, chini ya khanga alizokupa shangazi yako, utakuta kitu kimefungwa kwenye karatasi ya duka. Usishtuke. Dada alipokuwa anarudi Bara Hindi kwenda kufia kwao, alinipa ile blauzi mkononi, imefuliwa, imekunjwa, kifungo kimoja kimebadilishwa. Kumbe alikuwa akiivaa kila mwaka kwenye sikukuu yao, wajukuu wakimshangilia. Nimepunguza mabega na ubavu, ipate kukutosha. Marinda sikuyagusa. Siku watakayokucheka, rudi chumbani, ivae, ujitazame kwenye kioo, umkumbuke dada mwenye masharubu. Kisha rudi darasani ukaulize.

Na kazi ya kesho ni hii. Utingo wa basi la asubuhi amenifundisha jinsi ya kumuaga mtu kwa Kiingereza. Nimekuwa nayasema kimoyomoyo maneno hayo tangu juzi, mguu ukikanyaga cherehani: sefu jani, mai dota, yaani safari njema, binti yangu. Mwanzo nilidhani Sefu ndiye dereva. Kesho kituoni, mbele ya mama yako na shangazi yako, mbele ya wazee wa barazani, na mbele ya Mrisho, ambaye nimemwambia aje kwa makusudi, Fundi wa Lugha nitayasema kwa sauti kubwa. Nitakosea, hilo halina shaka. Nitacheka wa kwanza, maana ndilo sharti.

Wewe usinijibu kwa Kiswahili. Nijibu kwa Kiingereza ulichonacho, kibovu hivyohivyo, na ukiseme kwa nguvu, nikisikie hata gari likiwa limeshaanza kuondoka.

Akuombeaye kila la heri,
aliyemshonea babu wa watu marinda,
baba yako Selemani.